Brugge na Gent kwa Siku Moja ya Januari, Wageni Wakishaondoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia wiki ya Krismasi hadi siku chache baada ya Mwaka Mpya, nyumba zetu sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Brussels huwa hazina pembe tupu: mashangazi wametoka Lubumbashi au Bujumbura, binamu wamekuja kwa basi kutoka Lille na Köln, watoto wanalala sebuleni juu ya magodoro, na sufuria kubwa haishuki jikoni. Kisha siku moja mwenyeji hurudi kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem akakuta nyumba kimya, kapu la nguo limefurika mashuka, na siku moja au mbili za likizo bado anazo mkononi. Maswali haya ndiyo ambayo wenyeji wa namna hiyo huniuliza kila Januari kuhusu Brugge na Gent, miji ya kale ya Flandria, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi.

Kwa nini niende wageni wakishaondoka, badala ya kwenda nao Desemba?

Wageni wapelekeni Desemba, kwa sababu wao wanataka taa, soko la Krismasi na picha za kutuma nyumbani, na hayo yote Brugge inayatoa kwa wingi. Tatizo ni kwamba katika juma la Krismasi vichochoro vya Brugge hujaa watu kiasi kwamba mwenyeji hatembei, anahesabu vichwa. Anaangalia nani amebaki nyuma kwenye duka la chokoleti, nani anahitaji choo, nani amechoka. Nimefika Brugge mara tatu nikiwa na wageni na sikumbuki hata sura ya jengo moja, nakumbuka foleni.

Katikati ya Januari, mji huo huo hurudi mikononi mwa wenyewe. Asubuhi utakutana na mama anayevuta kigari cha manunuzi, wanafunzi juu ya baiskeli na mafundi wanaoshusha taa za sikukuu kutoka kwenye kuta. Madaraja ambayo wiki tatu kabla hukuweza kusimama juu yake hata dakika moja yanakuwa yako.

Ni tarehe zipi hasa zinazofaa?

Subiri shule zifunguliwe. Likizo ya Krismasi ya shule nchini Ubelgiji ni ya wiki mbili, na inapokwisha, umati wa familia hukatika mara moja. Kumbuka pia kwamba mauzo ya bei nafuu ya majira ya baridi huanza kisheria tarehe 3 Januari, kwa hiyo Jumamosi za mwezi huo barabara za maduka za Gent hujaa wanunuzi ambao hawana habari na Karne za Kati. Ukiweza kupata ruhusa kazini, chagua kati ya Jumanne na Ijumaa. Jumatatu iache kabisa, kwa kuwa makumbusho kadhaa ya Brugge na Gent hufungwa siku hiyo; mimi nililijifunza hilo nikiwa nimesimama kwenye mvua mbele ya mlango uliofungwa. Jumatano kuna soko la asubuhi katika uwanja wa Markt huko Brugge, na Ijumaa kuna soko katika uwanja wa Vrijdagmarkt huko Gent, ambao jina lake lenyewe maana yake ni soko la Ijumaa.

Je, miji miwili kwa siku moja si haraka mno, na nianze na upi?

Miwili inatosha na wa tatu hauongezwi. Watu hutaka kuongeza Damme au Kortrijk, na nawaambia wazi kwamba siku ya Januari haina nafasi hiyo.

Kuhusu mpangilio, karibu kila mtu huanza na Gent kwa sababu ndio mji wa karibu zaidi na Brussels, kisha humalizia Brugge. Mimi nashauri kinyume chake, na hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote katika majibu haya. Brugge ni mji wa asubuhi: uzuri wake ni ukimya na maji yaliyotulia kabla ya mabasi ya watalii kufika, na ikifika jioni ya Januari maduka yakifungwa unabaki na baridi tu. Gent ni mji wa jioni: ni mji wa chuo kikuu, watu wanaishi humo kwelikweli, na mpango wake wa taa za usiku umepewa tuzo za kimataifa, kwa hiyo giza linapoingia mapema halikuibii kitu, linakuongezea. Kuna na sababu ya miguu. Kutoka Brussels hadi Brugge treni huchukua takribani saa moja, kutoka Brugge hadi Gent chini ya nusu saa, na kutoka Gent hadi Brussels takribani nusu saa. Ukianza na mji wa mbali, kipande kirefu unakisafiri ukiwa na nguvu, na kipande kifupi unakibakiza kwa wakati ambapo umechoka na soksi zimelowa.

Treni na tiketi zikoje?

Njia ni moja, ile inayotoka Brussels kupitia Gent na Brugge hadi Oostende baharini, na treni zake ni nyingi mchana kutwa. Nunua tiketi kabla ya kupanda, kwa simu au kwenye mashine ya kituoni, kwa maana ukinunua ndani ya behewa utalipa zaidi. Mimi hununua vipande vitatu tofauti ili pasiwe na ubishi na kondakta.

Jambo linalowatatiza wengi wetu tuliokulia Kongo, Rwanda au Burundi ni majina. Tumezoea Bruges na Gand kwa Kifaransa, lakini treni ikishatoka katika eneo la Brussels na kuingia Flandria, matangazo husomwa kwa Kiholanzi peke yake, na ubao wa kituo huandikwa Brugge na Gent. Ndivyo ilivyo pia kwa miji mingine: Courtrai ni Kortrijk, Louvain ni Leuven, na ukisikia Rijsel ujue ni Lille ya Ufaransa. Angalia na jina la pili la kituo. Huko Gent shuka Gent-Sint-Pieters, wala si Gent-Dampoort. Huko Brugge shuka kituo kinachoitwa Brugge tu, kwa kuwa kuna kituo kidogo kiitwacho Brugge-Sint-Pieters ambacho si unachokitafuta.

Mchana wa Januari una saa ngapi, na nipange vipi muda?

Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza Brugge karibu na saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na moja kasoro dakika chache jioni, yaani una saa nane na kidogo za mwanga. Panda treni ya saa mbili asubuhi kutoka Brussels ili uingie Brugge kunapopambazuka, ondoka Brugge kati ya saa saba na saa nane mchana, na uwe katikati ya Gent kabla ya saa tisa. Hapo utapata mwanga wa mwisho, machweo, na kuwaka kwa taa.

Saa hizo nimezitaja kwa Kiswahili, na tafadhali mtahadhari mnapopeana miadi na ndugu waliozaliwa Ulaya. Binamu yangu mmoja nilimwambia tukutane kituoni saa mbili. Akatokea saa nane mchana, akiwa na mkate wa tende mkononi na uso wa mtu aliyewahi.

Asubuhi huko Brugge nipite wapi?

Toka kituoni kwa miguu na usipande basi. Katikati ya mji ni mwendo wa dakika ishirini, na njia yenyewe ndiyo sehemu bora ya asubuhi. Utaanza na Minnewater, ziwa dogo lenye mabata maji weupe wenye shingo ndefu. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1488 watu wa Brugge walimshika Maximilian wa Austria, aliyekuwa akiwatoza kodi kali, wakamfungia katika nyumba moja pale Markt na kumuua mbele yake msaidizi wake Pieter Lanchals. Jina Lanchals linafanana na neno la Kiholanzi la shingo ndefu, na hekaya inasema mji ulihukumiwa kuwafuga mabata hao milele kama fidia. Hekaya ni hekaya, lakini kufungwa kwa Maximilian na kuuawa kwa Lanchals ni historia.

Baada ya daraja kuna Begijnhof, ua mkubwa wa nyumba nyeupe ulioanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake waliotaka kuishi maisha ya sala bila kuweka nadhiri za kitawa na bila kuolewa. Leo wanaishi humo masista wa Kibenedikto. Ua ni wazi kwa wapitaji, ila inaombwa unyamaze, na asubuhi ya Januari ombi hilo halina kazi: hakuna wa kusema naye. Nilisimama hapo mwaka jana kukiwa na umande ulioganda juu ya nyasi. Sista mmoja alipita na ndoo, akanyunyiza chumvi kwenye kizingiti cha mlango wake, kisha akaja akanyunyiza na mbele ya viatu vyangu bila kunisemesha.

Ukiendelea mbele utafika Sint-Janshospitaal, hospitali iliyoanzishwa karne ya 12, ambayo sasa ni makumbusho. Kama utaingia jengo moja tu Brugge, ingia hili, kwa maana linaonyesha wagonjwa, wasafiri na maskini walivyotunzwa na watawa, na ndani yake kuna kazi za Hans Memling zilizochorwa mahsusi kwa ajili ya mahali hapo, likiwemo sanduku la Mtakatifu Ursula la mwaka 1489, lenye umbo la kanisa dogo la dhahabu. Ng'ambo ya barabara kuna Kanisa la Mama Yetu, ambalo mnara wake wa matofali una urefu wa mita 115. Humo mna sanamu ya marumaru ya Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo mwanzoni mwa karne ya 16 na kununuliwa na wafanyabiashara wa Brugge. Wanajeshi wa Ufaransa waliichukua mwaka 1794, ikarudi. Wajerumani wakaiiba tena mwaka 1944 wakiwa wameizungushia magodoro ndani ya lori, ikapatikana katika mgodi wa chumvi huko Austria, ikarudi tena. Mtu aliyetoka kupanga magodoro ya wageni kumi na mmoja huitazama sanamu hiyo kwa jicho jingine.

Kutoka hapo fuata mfereji wa Dijver hadi kona ya Rozenhoedkaai, ambapo mnara wa kengele unajionyesha majini, kisha Burg, penye ukumbi wa mji ulioanza kujengwa mwaka 1376, na hatimaye Markt.

Kwa nini mji mdogo hivi ulikuwa na mali nyingi hivyo?

Kwa sababu ya hori. Inasimuliwa kwamba mwaka 1134 dhoruba ya bahari ilipasua pwani na kufungua mlango wa maji ulioitwa Zwin, ukaikaribisha bahari kwenye mji uliokuwa ndani ya nchi kavu. Sufu ya Uingereza iliingia, wafumaji wa Flandria wakaigeuza kuwa vitambaa vya bei, na kuanzia mwaka 1277 meli za Genoa zilianza kufika moja kwa moja kutoka Bahari ya Kati. Wafanyabiashara walikutana mbele ya nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze, na ndio asili inayotajwa mara nyingi ya neno la Kifaransa *bourse*, soko la hisa. Ni wakati ule ule ambapo Kilwa yetu ilikuwa ikitajirika kwa dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta aliyeitembelea mwaka 1331 aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa.

Kisha hori likajaa mchanga. Kufikia mwisho wa karne ya 15 meli kubwa zilishindwa kupita, biashara ikahamia Antwerpen, na Brugge ikabaki maskini kwa karne kadhaa. Mji usio na fedha haubomoi nyumba zake ili ujenge mpya, na hiyo ndiyo sababu tunaweza kuziona leo.

Je, kila ninachokiona ni cha Karne za Kati kweli?

Hapana, na ni vizuri ulijue kabla hujaanza kuwaeleza wengine. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Ubelgiji, iliyokuwa nchi changa, ilitaka miji yake ionekane ya kale kuliko ilivyokuwa. Jumba kubwa lenye minara upande mmoja wa Markt ya Brugge, ambalo wageni hulipiga picha kwanza, ni la kipindi hicho, kama zilivyo sanamu za mfumaji Pieter de Coninck na mchinjaji Jan Breydel zilizosimama katikati ya uwanja. Huko Gent, daraja la Sint-Michielsbrug ambalo juu yake watu huiona minara mitatu kwa mstari lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na nyumba nyingi za ukingo wa Graslei zilikarabatiwa au kujengwa upya kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1913. Hata ngome ya Gravensteen ilikuwa kiwanda cha pamba kabla ya kurudishiwa sura ya ngome.

Sioni sababu ya kukasirika. Mnara, hospitali, makanisa, mifereji na mpangilio wa barabara ni vya kale kwelikweli, na ukishajua kilichoongezwa unajikuta unaangalia kwa makini zaidi: tofali lililonyooka mno, dirisha lisilo na hata jiwe moja lililolika.

Nipande mnara wa kengele wa Brugge?

Ukiwa na magoti mazima na mbingu ikiwa wazi, panda. Una urefu wa mita 83 na ngazi 366, za mwisho zikiwa nyembamba na za kuzunguka, zenye kamba badala ya ukingo wa kushikia. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa ndani kwa wakati mmoja ina kikomo, jambo linaloleta foleni ndefu Desemba, na ambalo Januari hutalihisi. Ukungu ukiwa umetanda, okoa fedha yako: utalipa kuona rangi ya maziwa.

Hadithi ya "schild en vriend" ni ipi?

Ni hadithi inayotuhusu watu wa lugha nyingi. Mwaka 1302 Brugge ilikuwa chini ya majeshi ya mfalme wa Ufaransa, na alfajiri ya tarehe 18 Mei wenyeji waliokuwa wamefukuzwa waliingia mjini kimyakimya wakawaua askari waliokuwa wamelala majumbani. Mapokeo yanasema kwamba waliwatambua Wafaransa kwa kuwalazimisha kutamka maneno hayo mawili, yenye maana ya ngao na rafiki, ambayo ulimi wa Kifaransa hukwama kuyatamka. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo, wafumaji na mafundi wa Flandria wakiwa kwa miguu waliwashinda wapanda farasi wa Ufaransa karibu na Kortrijk, na siku hiyo bado ni sikukuu ya Flandria. Jaribu kulitamka neno la kwanza ukiwa mbele ya sanamu za Markt. Sisi tuliozoea "kh" ya Kiarabu tunaliweza kuliko tunavyodhani.

Safari ya mashua kwenye mifereji?

Msimu wake wa kawaida ni kuanzia Machi hadi katikati ya Novemba, kwa hiyo usiipangie siku yako Januari.

Nile nini, na kwa Mwislamu hali ikoje?

Baridi hii haitaki mkate mkavu. Chakula cha Flandria cha majira ya baridi ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole hadi ikalainika, iitwayo stoofvlees au stoverij, ikiliwa na vibanzi, na Gent ina waterzooi yake, mchuzi mzito wa krimu na mboga ambao asili yake ni samaki ingawa siku hizi hupikwa zaidi na kuku.

Kwa Waislamu kuna mambo mawili ambayo menyu haiyasemi. La kwanza ni kwamba stoofvlees hupikwa kwa bia. La pili huwashtua wengi: vibanzi vya kienyeji hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, si ya mimea, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Uliza kabla ya kuagiza. Wauzaji wameshazoea swali hilo na wapo wanaotumia mafuta ya mimea. Njia nyepesi ni kuiacha njaa hadi Gent, kisha utembee kidogo kaskazini ya Gravensteen hadi mtaa wa Sleepstraat, ambako jamii ya Waturuki ina migahawa mingi yenye supu ya dengu na mikate iliyotoka tanuruni. Baada ya siku kumi na nne za kupikia watu, kukaa mezani na kuletewa sahani na mtu mwingine si jambo dogo.

Mchana huko Brugge mimi hubeba chapati mbili na chupa ya chai ya tangawizi. Migahawa ya Markt hukulipisha mandhari yake kwenye bei.

Huko Gent nichague nini, ikiwa nina saa mbili tu za mwanga?

Kutoka Gent-Sint-Pieters hadi katikati ni mbali kidogo kwa miguu, kwa hiyo panda tramu inayoelekea Korenmarkt. Kisha lazima uchague kati ya kanisa kuu na ngome, kwa maana muda hautoshi kuviona vyote viwili vizuri.

Mimi huchagua Kanisa Kuu la Sint-Baafs, kwa sababu ya mchoro mmoja wa altare, Mwanakondoo wa Mungu, uliokamilishwa mwaka 1432 na ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck. Umechorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao, na unaweza kuutazama kwa nusu saa ukaendelea kugundua vitu: majani ya mitende na michungwa iliyochorwa na mtu wa nchi isiyoota mitende, lulu moja moja zenye mwanga wa dirisha ndani yake. Ukarabati ulioanza mwaka 2012 uliondoa rangi zilizopakwa juu yake karne za baadaye, na uso wa mwanakondoo ukatokea kama ulivyochorwa mwanzo, macho yakiwa mbele kama ya mtu, yakikutazama wewe. Kipande kimoja cha chini kushoto ni nakala: cha asili kiliibwa usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934 na hadi leo hakijapatikana. Weka nafasi ya saa maalumu kabla ya siku, na usiende Jumapili asubuhi, wakati ambapo kanisa ni la ibada.

Ukiwa na watoto, au ukiwa mtu wa kuta na mapanga, chagua Gravensteen, ngome ya mawe ya kijivu ambayo mtawala wa Flandria, Filips wa Alsace, aliijenga mwaka 1180 kuwaonyesha wafanyabiashara wa mji nani mwenye nguvu. Hawakuonekana kusikia. Watu wa Gent waliasi mara kwa mara, hata dhidi ya Kaisari Karolo wa Tano, ambaye alizaliwa humo humo Gent mwaka 1500. Mwaka 1540 aliwaadhibu kwa kuwalazimisha wakuu wa mji waandamane miguu mitupu na kuomba msamaha, baadhi yao wakiwa na vitanzi shingoni. Hadi leo watu wa Gent hujiita wavaa vitanzi, na hulisema jina hilo vifua mbele.

Saa kumi na moja ikikaribia, acha yote uende ukingo wa Graslei. Taa haziwaki kwa kishindo. Kuta zinaanza kuwa za rangi ya asali moja baada ya nyingine, na maji ya mto Leie yanazirudisha. Wanafunzi hukaa pale hata kwenye baridi, wakiwa na vibanzi na makoti makubwa.

Nivae nini?

Viatu kabla ya koti. Wastani wa joto la Januari ni kati ya nyuzi 1 na 6, na Brugge ipo kilomita kumi na tano hivi kutoka baharini, kwa hiyo upepo ni wa unyevu na huingia mifupani. Barabara zimetandazwa mawe ya mviringo ambayo Waflandria huyaita kinderkopjes, vichwa vya watoto, na yakilowa huteleza kama sabuni. Vaa soli ya mpira yenye meno. Kofia na glavu usiziulize.

Shangazi yangu bado hajaondoka, na ana umri wa miaka 74. Je, naweza kwenda naye?

Unaweza, ila basi iwe Gent peke yake. Tramu itamfikisha hadi mlangoni mwa mambo yote, na mnara wa kengele wa Gent, wenye urefu wa mita 91 na joka la shaba juu yake, una lifti kwa sehemu kubwa ya safari ya kupanda, tofauti na ule wa Brugge. Mawe ya barabarani ndiyo adui yake, kwa hiyo mpe mkono wala usimpe fimbo tu. Kigari cha mtoto nacho huteseka kwenye mawe hayo. Mbebe mtoto mgongoni kwa kanga, chini ya koti, naye atapata joto na wewe pia.

Nikienda kwa gari?

Gent ina mpango wa barabara unaozuia kukatiza katikati ya mji, na faini hufika nyumbani kwa posta bila kukosea anwani. Treni.

Niwanunulie wageni walioondoka zawadi ya kuwatumia?

Kila mtu akiona kuberdoni, peremende za zambarau zenye umbo la pua zinazouzwa kwenye vigari vya Gent, hutaka kuzituma Bukavu au Tanga. Usifanye hivyo. Ndani yake mna sharubati ya rasberi, na baada ya wiki tatu hivi sukari hiyo huganda na kuwa punje ngumu, wakati kifurushi bado kiko njiani. Nunua pakiti ndogo, zile utakazoweza kuzila kwenye treni kati ya Gent na Brussels, na usimwambie mtu.